Kupanga Urejeshaji wa Timbo la Mawe na Udhibiti wa Magugu: Mwongozo kwa Wachimbaji wa Manda na Pwani ya Lamu

Anayesimama ukingoni mwa timbo la mawe kule Maweni, kisiwani Manda, huona ukuta mweupe wa matumbawe wenye alama za mitaimbo kutoka juu hadi chini, na juu kabisa ya ukuta huo mstari mwembamba wa rangi ya kahawia ambao mahali pengi haufiki shubiri moja. Mstari huo ndio udongo. Mawe yaliyo chini yake yamejenga nyumba za Lamu, na bado yanapakiwa majahazini, lakini kila mti uliowahi kuota hapo uliishi kwa ule mstari. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupanga, kabla ya jiwe la kwanza kukatwa, jinsi ardhi itakavyorudi kuotesha kitu cha maana mawe yatakapokwisha, na jinsi ya kuhakikisha kwamba kitu hicho hakitakuwa mathenge, ule mti mgeni wa miiba uliogeuka gugu.

Nimeyaweka mambo hayo mawili katika mpango mmoja kwa makusudi. Mipango mingi niliyoisoma hueleza urejeshaji wa ardhi kwa kurasa kadhaa, kisha magugu hupewa aya moja mwishoni kana kwamba ni usafi wa uwanja. Mpango wa namna hiyo umeharibika tangu siku ya kuandikwa, kwa sababu udongo unaobeba mbegu za mkunazi na za nyasi ndio huo huo unaobeba mbegu za magugu, na anayeuhamisha udongo huhamisha vyote viwili kwa toroli moja.

Vibali, makaburi na maji

Upande wa sheria nitaupitia haraka. Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mwenye leseni ya uchimbaji awe na mpango wa kurejesha ardhi na kufunga machimbo, pamoja na dhamana ya fedha ya kulinda mazingira, na hata mchimbaji mdogo mwenye kibali chake anawajibika kuyatunza mazingira anapofanyia kazi. Tathmini ya athari za mazingira hupitia NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999. Anayetaka kuchimba na aanze kwenye ofisi hizo kabla ya kununua mitaimbo, wala asingoje kuitwa.

Linalosahaulika zaidi ni makaburi na magofu. Manda ina mji wa kale wa Manda na ina Takwa, na nje ya maeneo hayo yanayolindwa kuna kuta na makaburi ambayo hayana kibao chochote. Tembeeni eneo zima pamoja na wazee wanaolijua, wekeni alama kila penye kaburi, kisima cha zamani au rundo la vigae, kisha wajulisheni watu wa Makumbusho ya Taifa. Takwa yenyewe ilihamwa katika karne ya 17, na uhaba wa maji matamu hutajwa miongoni mwa sababu zake; mtu anayechimba shimo kwenye kisiwa hicho hicho ana haki ya kulikumbuka jambo hilo.

Maji matamu ya visiwa hivi hukaa juu ya maji ya chumvi, tabaka jepesi juu ya tabaka zito, na yote mawili hupanda na kushuka pamoja na bahari. Timbo likichimbwa mpaka likayafunua maji, jua huyanyonya, chumvi hubaki, na kinachosalia ni dimbwi la mbu lisilofaa kunywesha hata punda. Kwa hiyo kina cha mwisho cha timbo kiamuliwe mapema, nacho hupimwa wakati wa bamvua, maji yanapojaa kabisa, katika kisima kilicho karibu zaidi. Mpira wa maji ambao waashi hutumia kupimia usawa unatosha kuhamisha alama ya kisimani hadi kwenye ukuta wa timbo. Mimi huacha mita 1 na nusu ya mwamba mkavu juu ya alama hiyo. Wapo wanaoniambia kwamba ninapoteza tabaka zima la mawe mazuri, na ni kweli ninalipoteza.

Baada ya hapo amueni ardhi itakuwa ya nini. Jibu la "tutapanda miti" halitoshi, kwa maana timbo litakalokuwa malisho ya mbuzi halisawazishwi kama lile litakalokuwa shamba la mikoma ya makuti, na lile litakalojengwa nyumba halihitaji udongo kila mahali. Katika pembe moja, penye mwamba usio na nyufa, inafaa kufikiria jabia la kukusanyia maji ya mvua kama yale ya visiwa vyetu: shimo limekwisha kuchimbwa, na kinachobaki ni kupiga lipu na kuelekeza maji. Bila maji ya karibu miche ya mwaka wa kwanza haitauona mwaka wa pili.

Udongo

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu makosa mengine yote yanaweza kusahihishwa isipokuwa hili. Udongo wa juu ya matumbawe ulichukua karne nyingi kujikusanya ndani ya vishimo vya mwamba, na kibarua mmoja mwenye sururu anaweza kuuchanganya na kifusi kwa muda wa asubuhi moja. Ukishachanganyika na unga mweupe wa mawe, hautengani tena.

Anzeni kwa kuupima. Gaweni eneo katika miraba ya hatua 20 kwa 20, na katika kila mraba chomekeni fito nyembamba ya chuma mahali kumi, mkiandika kina kila inapogonga mwamba. Tuseme eneo lina mita 40 kwa 25, yaani mita za mraba 1,000, na wastani wa kina umetoka sentimita 15. Hizo ni mita za ujazo 150 za udongo. Ukichimbuliwa huvimba, kwa hiyo hesabuni kama 180. Lundo lenye upana wa mita 4 chini na kimo cha mita 1 na nusu lina eneo la mita za mraba 3 likikatwa ubavuni, hivyo mtahitaji nafasi ya kulilaza kwa urefu wa mita 60. Nafasi hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, na ndiyo sababu udongo huishia kutupwa ukingoni: hakuna aliyeutengea mahali.

Lundo lisizidi mita 2 kwenda juu. Likiwa refu zaidi, sehemu ya ndani hukosa hewa, na vijidudu vinavyoupa udongo uhai hufa. Lilazwe mahali ambapo maji ya mvua hayapiti, mgongo wake ufunikwe kwa makuti mabovu au nyasi, wala lisikae zaidi ya mwaka mmoja likiwezekana. Njia iliyo bora ni kutolilaza kabisa, bali kuchimba kwa vipande, ili udongo unaotolewa mbele leo upelekwe moja kwa moja kwenye kipande cha nyuma kilichokwisha mawe. Kikundi kinachofanya hivyo hubeba udongo mara moja tu, na mbegu zilizomo huamkia kazini zikiwa bado hai.

Si udongo wote wa kuwekwa pamoja, hata hivyo. Kabla ya kugusa chochote, pigeni ramani ya magugu katika miraba ile ile mliyopimia kina, mara ya kwanza mwishoni mwa masika mimea midogo inapoonekana, na mara ya pili wakati wa kiangazi, ambapo mathenge hubaki kijani huku mengine yamekauka. Mraba wenye hata mti mmoja wa mathenge uliokwisha kuzaa uchukuliwe kuwa umeambukizwa wote. Udongo wake ulazwe kando, katika lundo la chini lenye alama, lingojee mvua. Mbegu zikiota, zing'olewe zikiwa na majani mawili matatu; lundo lifukuliwe juu juu ili mbegu nyingine zipate mwanga, zingoje mvua nyingine. Baada ya misimu miwili ya namna hii udongo huo unaweza kutumiwa, nao utumiwe mahali mnapopita kila siku, si kwenye pembe ya mbali.

Mti ulioletwa kufanya kazi hii hii

Wachimbaji wengi hushangaa wakiambiwa kwamba mathenge, Prosopis juliflora kwa wataalamu, uliletwa Kenya kama mti wa kurejesha machimbo. Mbegu za kwanza zilizorekodiwa zilitoka Brazil na Hawaii mwaka wa 1973, zikapandwa Baobab Farm, Bamburi, kwenye mashimo ya matumbawe yaliyoachwa na kiwanda cha saruji. Miaka iliyofuata mti huo ukapandwa katika sehemu za Mto Tana na Baringo ili kuzuia upepo na kutoa kuni. Huko Baringo wafugaji walifikia kuishtaki serikali, na mbuzi aliyepoteza meno kwa kutafuna maganda yake akapelekwa mahakamani kama ushahidi. Mwaka wa 2008 mathenge ulitangazwa rasmi kuwa gugu hatari.

Siwalaumu waliouleta, kwa sababu mti unaovumilia chumvi, ukame na mwamba mtupu ndio hasa mtu wa timbo anaoutafuta. Bamburi yenyewe ilifanikiwa kwa mti mwingine. Dkt. René Haller, mtaalamu wa kilimo, alipoanza kazi ya urejeshaji huko mwaka wa 1971 alijaribu aina 26 za miti, na baada ya miezi sita zilikuwa zimebaki tatu, mvinje ukiwamo. Mvinje una vijidudu mizizini vinavyoushikia naitrojeni kutoka hewani, hivyo haukuhitaji udongo mwingi. Tatizo lililozuka ni kwamba majani yake yaliyoanguka hayakuoza, yakawa yanarundikana makavu, mpaka majongoo wekundu walipookotwa na kuachiliwa ndani ya shimo; wao wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo mpya. Hilo ni funzo kuhusu muda: udongo ulitengenezwa upya kwa miaka mingi, katika kampuni yenye mishahara ya watunzaji. Kikundi cha watu kumi na wawili wa Maweni hakina uwezo huo, na ndiyo sababu narudi kule kule kwenye kuutunza udongo uliopo.

Samadi na punda

Nieleze kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia upandaji wa miche mia tatu hivi katika timbo lililofungwa. Mashimo yalichimbwa vizuri, sentimita 60 kila upande, yakajazwa udongo uliochanganywa na samadi ambayo jahazi moja ilituletea kutoka zizi la bara, bei nafuu, mifuko mikavu isiyo na harufu. Masika yaliponyesha niliona kijani kimejaa kila shimo nikafurahi. Mzee mmoja mkata mawe alichuchumaa penye shimo la kwanza, akakifinya kijichipukizi kati ya kidole na gumba, akaniuliza, "Mwanangu, huu ni mche wako au ni mgeni wako?" Kila mche niliokuwa nimeupanda ulikuwa umezungukwa na vimathenge vinne hadi saba. Tuliving'oa, lakini tulivifuata kwa misimu minne.

Maganda ya mathenge ni matamu, na mnyama huyala kwa hamu; mbegu zenyewe zina gamba gumu linalopita tumboni bila kudhurika, na mnyama huziatika mahali papya zikiwa tayari zimewekewa mbolea. Chukua donge la kinyesi cha punda lililokauka, livunje kwa mikono juu ya kitambaa cheupe, na kama punda huyo amelishwa maganda utaziona mbegu za rangi ya kahawia, bapa, zinazong'aa, ndogo kuliko punje ya kunde. Lamu haiwezi kuchimba mawe bila punda, kwa hiyo shauri si kuwafukuza bali kuwapangia. Punda au mbuzi yeyote anayetoka bara akae wiki moja katika boma moja lililozungushiwa ua, alishwe nyasi, na kinyesi chake kichomwe hapo hapo. Punda wa timboni wafungwe mahali pamoja wakati wa mapumziko, pafagiliwe, na ukingo wa pahali hapo ukaguliwe baada ya kila mvua.

Samadi, mchanga na udongo wowote wa kununua upimwe kwa njia rahisi: jaza karai moja, lowesha, liweke juani, limwagilie kila siku kwa wiki tatu, kisha hesabu kilichoota. Asiyetaka kungoja wiki tatu huenda akangoja miaka.

Kung'oa

Mathenge ukikatwa kwa panga usawa wa ardhi huchipua, na shina moja huwa mashina kumi. Macho yake ya kuchipulia yako kwenye shingo ya mzizi, chini kidogo ya ardhi, kwa hiyo ni lazima kuchimba na kuukata mzizi sentimita 30 hivi chini ya uso wa ardhi, kisha kuutoa nje kisiki chote. Juu ya matumbawe mara nyingi haiwezekani kufika kina hicho kwa sababu mzizi umeingia katika ufa. Hapo mtaimbo hutumika kuupanua ufa, na ikishindikana kabisa, kisiki hupakwa dawa ya kuulia magugu kwa brashi mara tu kinapokatwa, kwa maelekezo ya afisa wa kilimo. Isinyunyizwe kamwe. Mwamba wa matumbawe ni kama sifongo, na kinachomwagwa juu yake leo kitafika kisimani.

Kazi ianze penye miti michache, si penye kichaka. Ni jambo linalopingana na hamu ya watu, kwa sababu kichaka ndicho kinachoonekana na ndicho kinachopigwa picha, lakini miti mitatu michanga iliyotawanyika katika eneo safi ndiyo itakayokuwa vichaka vitatu baada ya miaka michache. Safisheni kwanza pale palipo karibu kuwa safi, mlilinde eneo hilo, kisha msogee kuelekea kwenye kichaka, na daima kabla maganda hayajakomaa. Kuni na mkaa wa mathenge ni mzuri, nao unaweza kulipia sehemu ya vibarua, ila maganda yachomwe papo hapo na matawi yasiburutwe kupita ardhi safi. Viatu vyenye soli nene ni lazima. Mwiba wake hutoboa ndara kama karatasi.

Magugu mengine hayahitaji maneno mengi. Lantana hung'olewa na mizizi wakati ardhi ina unyevu. Mpungate usikatwekatwe na kuachwa chini, kwani kila kipande huota. Zikeni vipande vyote katika shimo refu. Mwarobaini utazua ubishi, kwa kuwa hakuna nyumba isiyoutumia kwa dawa, lakini ndege na popo hula matunda yake na kusambaza mbegu, nao umekwisha kuingia katika misitu mingi ya pwani. Uacheni uani mwa nyumba, msiupande timboni.

Kupanda na kufuatilia

Ardhi tupu ndiyo inayoyaita magugu. Katika masika ya kwanza baada ya udongo kurudishwa, lengo la kwanza liwe kuufunika kwa nyasi za hapo hapo, miti ifuate. Sakafu ya timbo haitafunikwa yote. Ni afadhali udongo wa kina cha sentimita 40 katika visiwa vidogo kuliko sentimita 8 kila mahali, kwa kuwa tabaka jembamba hukauka wiki moja baada ya mvua kukatika. Kuta ndefu zivunjwe ziwe ngazi au zijazwe kifusi mpaka mbuzi aweze kupanda bila kuanguka. Unga wa mawe uwekwe chini kabisa, kamwe usiwe juu, kwani huganda kama saruji na ukali wake huyafanya majani ya miche kuwa ya manjano.

Miti iwe ile inayoota Manda bila kuombwa: mkunazi, mkwaju, mbuyu, mkoma, mgunga. Mbegu zikusanywe kisiwani penyewe, na kwa aina ngumu kuotesha, kituo cha KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, kilichoko Gede, karibu na Malindi, ni mahali pa kuuliza. Mivinje naiweka safu mbili tu, upande wa kusi, kuvunja upepo wenye chumvi hadi mingine isimame. Miche ipunguziwe maji na kuzoeshwa jua kali kwa mwezi mmoja kabla ya kupandwa, na ipandwe mvua za kwanza za masika zikishalowesha shimo lote, si siku ya wingu la kwanza.

Fedha zitengwe mawe yanapouzwa, kwa sababu baada ya jahazi la mwisho hakuna atakayechangia. Kikundi kikubaliane kiasi kwa kila jahazi, kiwekwe katika akaunti inayotiwa sahihi na watu watatu, mmoja wao akiwa nje ya uchimbaji. Katika bajeti, kung'oa magugu kwa mara ya kwanza ndiyo sehemu ndogo. Kurudi kila miezi mitatu mwaka wa kwanza, kisha baada ya kila msimu wa mvua, ndiko kunakokula pesa.

Chagueni mahali patano, chimbieni kigingi cha mkoko kila mahali, na pigeni picha kutoka kwenye vigingi hivyo mwezi ule ule kila mwaka, simu ikielekezwa upande ule ule. Katika daftari andikeni idadi ya miche hai, sehemu ya ardhi iliyofunikwa, na kila mathenge uliopatikana pamoja na mraba wake. Mbegu zake zinaweza kukaa ardhini miaka mingi zikingoja, kwa hiyo hata misimu miwili ikipita bila kuonekana mmoja, vigingi viachwe mahali pake, na mtu mmoja apewe kazi ya kupita wiki tatu baada ya mvua kubwa ya masika, akiwa na sururu begani.